Barua ya Majuto Isiyo na Jina

Ndoto ya usiku wa jana ilianza kwa hodi, na aliyebisha alikuwa neno la Kizungu.

Nilijua ni neno, si mtu, kwa sababu lilivaa koti zito la sufu saa saba mchana, huku kwetu kwenye joto la mashamba ya mkonge, na halikutoa jasho hata tone. Lilikuwa jembamba, limezeeka, linanuka nafthalini kama nguo iliyotoka sandukuni. Mkono mmoja lilishika mwavuli. Mkono wa pili lilivuta kwa kamba kitu kidogo cheusi chenye mkia uliopinda. Nikadhani ni mbwa. Hakikuwa mbwa. Kilikuwa alama ya mkato.

"Shikamoo," nikasema, maana lilionekana limenizidi kama miaka mia tatu.

"Marahaba. Naitwa Mzee Alasi. Natokea kwenye ile barua iliyomo ndani ya Biblia ya marehemu mkeo, katikati ya Zaburi na Mithali. Naomba nitangulie kuingia."

"Nyumba ni yangu. Kwa nini utangulie wewe?"

"Ndiyo kanuni. Kwenye Kizungu cha zamani, mtu akitaka kuandika kwamba amejuta, mimi natangulia sentensi nzima. Nikishapita, kila kitu kinatulia kidogo. Ndipo mengine yanafuata."

Akapita. Ile alama ya mkato ikakaa kizingitini, na mimi nikajikuta nimetulia. Jogoo wa jirani akatulia, mdomo wazi. Maji niliyokuwa namimina ndooni yakasimama hewani, yakasubiri. Kisha alama ikainuka, ikajikung'uta, na maji yakaendelea kumiminika.

Nikamvutia mgeni kiti. Mimi niliishia darasa la nne, lakini adabu ninazo. Sijui ni wangapi maofisini wanaoweza kusema hivyo.

Barua aliyoitaja naijua. Hata ndotoni nililazimika kuieleza, basi na wewe nitakueleza.

Miaka kumi na minne iliyopita mke wangu Nakijwa alikwenda kwao Usangi, kwenye sikukuu ya kanisa lao, akaimba na kwaya ya kinamama. Watu wa redio wakaja na mashine zao wakawarekodi. Wakaambiwa wimbo utatoka Jumapili fulani, saa mbili asubuhi. Nakijwa alikuwa hajawahi kuisikia sauti yake ikitoka mahali pengine zaidi ya kooni mwake. Wiki nzima alitembea nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

Jumapili ikafika. Saa mbili ikafika. Badala ya kwaya, redio ikamtoa mkubwa mmoja akihutubia. Simtaji. Alikuwa anahutubia juu ya subira. Saa mbili na robo, bado yumo kwenye subira. Nakijwa akaenda jikoni kuchemsha chai, na ili asipitwe akaigeuza redio uso wake uelekee jikoni, mimi ikanipa mgongo. Saa mbili na nusu nikavua kiatu cha kushoto nikamrushia yule mkubwa.

Kiatu kikiwa hewani, mkubwa akamaliza. Kwaya ikaanza. Nilisikia vizuri kabisa: "Bwana kafungua mlaa..." Halafu pu.

Nakijwa akaja mbio na birika mkononi. "Imekuwaje, Baba Eliwaza?" Eliwaza ni binti yetu.

Nikasema, "Watu wa umeme hao! Umeme umekuja mkubwa, umeiunguza." Ilinitoka upesi, kama mtu anayetaja jina lake. Nikaisukumia redio ukutani, mgongo usionekane.

Akaamini, au niliona ameamini. Kesho kutwa yake akaenda kwa Bwana Kiondo, yule anayewaandikia watu barua za Kizungu kwa taipureta barazani posta, akaandikiwa malalamiko. Na ajabu ni kwamba ofisi ya umeme ikajibu. Karani mmoja mzee, aliyebakiza wiki mbili astaafu, aliandika ukurasa mzima wa majuto. Kiondo akaja nyumbani, akatusomea huku anatafsiri: "Alasi, mama yangu, laiti ningekuwapo niuzuie ule moto kwa mikono yangu. Ninajuta kwa kina kisichopimika..." Ikabidi avue miwani aifute.

"Hili neno la kwanza," Kiondo akasema, akiligusa kwa ukucha, "waliliandika watu wa zamani waliokuwa wakijuta kwelikweli. Siku hizi haliandikwi."

Mimi nilisema nini? Nilisema, "Umeona? Si nilikwambia ni wao!"

Ndiyo hiyo barua. Pembe yake ya chini, penye jina la mwandikaji, ilikuja kuchanika. Nikawalaumu panya, kisha bwana afya, kwa kutowaua panya. Redio iko juu ya kabati mpaka leo. Nakijwa ametutoka mwaka juzi. Na kile kiatu cha kushoto kilipoteza kisigino siku zile zile; kililiwa na mashimo ya barabara, na barabara kila mtu anajua ziko chini ya nani. Nakivaa hivyo hivyo. Natembea nimelalia kushoto.

Sasa Mzee Alasi anakaa kitini, anaweka mwavuli magotini.

"Yohana Mhina," anasema, "miaka kumi na minne nimo ndani ya Biblia nikijuta kwa kosa la mtu mwingine. Yule karani aliyeniandika hakuunguza kitu. Sisi maneno ya zamani hatukuumbwa kukaimu. Nani alirusha kiatu?"

"Tatizo la nchi hii..." nikaanza.

"Sikuiuliza nchi."

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Mwenye majuto ayachukue. Leo ndiyo mwisho, dirisha la ofisi linafungwa saa kumi. Ukija ukamwambia mkeo kwa kinywa chako, nami nipumzike. Usipokuja, faili linafungwa, nafasi yangu kwenye barua anapewa kijana mmoja, na kwaya haitamaliza wimbo milele."

"Kwaya ipi?"

"Sikiliza."

Nikasikiliza. Kwa mbali, kutoka juu ya kabati, ilikuwa inasikika sauti moja ndefu isiyokatika: aaaaaaa.

Nikavaa viatu.

Tulipoinuka, sebule ilikuwa tayari ni baraza ya posta. Bwana Kiondo hayupo. Kwenye kiti chake imeketi taipureta, imevaa miwani ya Kiondo, imekunja miguu.

"Mteja," inasema taipureta, "jina la mkosaji?"

"Andika: watu wa umeme."

Ikaandika, tak tak tak. Karatasi ikatoka, ikaruka mpaka barabarani, ikasoma kilichoandikwa juu yake, ikarudi ikanizaba kibao.

"Imekataliwa. Jina la mkosaji?"

"Andika: yule mkubwa wa subira."

Tak tak tak. Karatasi ya pili haikuruka hata kidogo. Ilinizaba pale pale.

"Andika: watu wa barabara, bwana afya, na aliyepanga vipindi vya redio. Wote. Kwa mpigo."

"Mzee wangu," ikasema taipureta kwa upole, "mimi nina herufi ishirini na sita, na herufi ya e imelegea. Nipe jina moja tu, fupi. Herufi tano zinatosha."

Nikahesabu kwa vidole. Mhina ni herufi tano. Nikajifanya sijahesabu.

Hapo baraza ikaanza kuinama upande wa kushoto, kwa sababu ya kiatu changu. Ikainama, ikainama, taipureta ikasema "oyoyo", na sote tukateleza kama maharage kwenye ungo mpaka tukadondokea mbele ya mlango wenye kibao: OFISI YA MAJUTO. VUA VISINGIZIO KABLA YA KUINGIA. Pembeni kulikuwa na rafu ya visingizio kama ile ya viatu msikitini. Vyangu vilijaza rafu mbili, na kimoja ikabidi kilazwe chini.

Mzee Alasi akatangulia. Kila kitu kikatulia. Tukaingia.

Mahali pale palinishangaza kwa jinsi palivyokuwa pa kawaida. Kuta za mbao za kahawia. Nyaya za rangi rangi zimepita juu kama kamba za kuanikia. Upande mmoja, spika kubwa mfano wa sinia la pilau la harusini. Vumbi la miaka. Ndipo nikatambua: tumo ndani ya redio yangu.

Na mbele ya ile spika imesimama kwaya.

Kinamama ishirini na wawili, majoho meupe, midomo wazi, wako kwenye "mlaaaa" tangu ile Jumapili. Wanavuta pumzi kwa zamu. Mmoja, wa tatu kutoka kushoto, anafuma sweta bila kufunga mdomo. Mkono mmoja wa hilo sweta ulikuwa umezunguka ofisi mara mbili. Wengi wao nawajua. Wako hai, wako Usangi wanakamua ng'ombe zao. Lakini hii sauti yao ilibaki humu, na mimi ndiye niliyewafungia.

"Mnaendeleaje, mama zangu?" nikauliza.

"Aaaa," wakajibu. Nikaelewa.

Katikati ya sakafu palikuwa na shimo, na shimoni sauti ya jembe. Nikachungulia. Chini kabisa kuna neno fupi nene, limevua shati, linachimba.

"Huyo ni Dipli," Mzee Alasi akaeleza. "Karani aliandika kwamba anajuta dipli, yaani kwa kina. Sasa kina lazima kichimbwe na mtu."

"Pole na kazi, bwana Dipli! Umefika wapi?"

"Nimefika kwenye maji!" likaita neno.

"Maji? Huku kwetu wakubwa wametafuta maji miaka ishirini, wakaleta mpaka mitambo, hawakuyapata!"

"Hawakuwa wanajuta," akasema Dipli, akaendelea kuchimba.

Nikaitazama saa ya ukutani. Ilionyesha saa kumi kasoro neno moja.

Wakati huo akaja kijana nadhifu, tai shingoni, kitambulisho kinaning'inia mpaka kitovuni. Mzee Alasi alipomwona akafunga vifungo vyote vya koti.

"Karibu sana, mteja wetu mpendwa!" kijana akasema. "Naitwa Usumbufu Uliojitokeza. Jina langu la Kizungu ni refu zaidi, mimi mwenyewe hulisoma hapa." Akalisoma kwenye kitambulisho, akatabasamu. "Wewe na mimi tunafahamiana, mzee. Nimekuandikia barua nyingi."

Ni kweli. Bomba lilipokauka alikuja yeye. Barabara ilipobomoka alikuja yeye. Mazishi ya Nakijwa yalipocheleweshwa na kibali, alikuja yeye, mistari miwili, hata jina la marehemu hakuliweka. Nilimchukia huyu kijana kuliko mtu yeyote, na sikuwa nimewahi kumwona uso. Ana uso mzuri tu. Hauna kitu.

"Nimesikia unasumbuliwa na hawa wazee," akasema. "Hawa wanataka kila kosa liwe na baba. Mimi nina fomu isiyo na baba. Hebu sikiliza: Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza."

"Nani aliyekosa hapo?"

"Hakuna. Usumbufu ulijitokeza wenyewe, kama uyoga."

"Na kiatu?"

"Hakuna aliyerusha kiatu. Kulijitokeza kurushwa kwa kiatu. Weka dole gumba hapa, uende zako kunywa chai."

Fomu ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Karatasi laini, ina mstari wa dhahabu. Nikaona jinsi itakavyokuwa: naweka dole, nainuka, narudi kuwalaumu wakubwa nikiwa safi kama wakubwa. Dole langu likaenda lenyewe. Likakaribia karatasi mpaka nikasikia ubaridi wake.

Nyuma yangu ile "aaaa" ikafifia. Nikageuka. Kinamama walikuwa wananitazama, wote, na wa tatu kutoka kushoto alikuwa ameacha kufuma.

Nikarudisha dole mfukoni.

"Nataka kumwona mkubwa wa hapa!" nikasema.

Maneno haya nimeyasema kwenye kila ofisi niliyoingia maishani, na kila mara mkubwa yuko kikaoni, au ametoka sasa hivi, au yuko safarini na atarudi wiki ijayo. Kijana Usumbufu akatazama pande zote. "Yupo," akasema kwa aibu. "Mlango uko wazi."

Niliingia. Sijui hata nilitembea vipi; ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Nyuma ya meza ameketi Nakijwa.

Amevaa joho la kwaya na miwani ambayo hakuwa nayo akiwa hai, na anagonga mihuri kwenye mafaili, pa, pa, pa, kwa ile kasi aliyokuwa akitwangia kisamvu. Ukutani nyuma yake kuna tundu kubwa linaloingiza jua. Tundu lina umbo la kisigino.

"Baba Eliwaza," akasema bila kuinua macho, "umechelewa."

"Barabara mbaya, Mama Eliwaza."

"Mimi nimepita barabara hiyo hiyo." Pa. "Kaa. Usiegemee ukuta, ni ubao laini huo, na wewe unajua."

Nikakaa. "Kwani wewe ndiye mkubwa wa hapa?"

"Tangu mwaka juzi. Haya, lalamika."

"Nilalamike?"

"Siku zote ulisema ukimpata mhusika utamweleza. Nyanya zikioza, utamweleza. Ugali ukiungua, utamweleza. Leo umempata mhusika, na ana dakika mbili. Lalamika, mume wangu."

Nikafungua mdomo. Malalamiko yangu yote, ambayo kwa kawaida yananijaa mpaka kwenye kofia, yalikuwa yametoka nje kunywa chai. Niliyaona dirishani, yameketi kwenye benchi, yanachekeana.

Nakijwa akanyoosha kidole nyuma yake. "Unaona hapa ukutani?"

"Naona."

"Hili ni nini?"

"Umeme ulikuja mkubwa."

"Namba arobaini na mbili?"

Nikauvuta mguu wa kushoto nyuma.

"Umeme wenye misumari mitatu, Baba Eliwaza? Umeme wa mguu wa kushoto?"

Hapo Mzee Alasi akaingia. Hakusema neno, yeye ndiye neno. Akapita mbele yangu taratibu na mwavuli wake, na ile alama ya mkato ikaketi kwenye mguu wangu wa kushoto, ikawa na joto kama paka. Kila kitu kikatulia. Muhuri ukasimama hewani. Jembe la Dipli likasimama. Kwaya ikabana pumzi. Hata saa ya ukutani ikasubiri. Ikanijia kwamba kituo hiki chote cha mkato kimeachwa kwa ajili yangu, na kwamba hakuna mwingine atakayekuja kukijaza.

"Mimi," nikasema.

Nakijwa akaweka miwani mezani.

"Mimi ndiye niliyerusha. Nilimlenga mtu aliyekuwa mbali, nikampiga aliyekuwa jikoni. Wimbo wako ulianza, Nakijwa, niliusikia, ulikuwa unaanza vizuri. Kisha nikasema ni wao. Nimesema ni wao miaka kumi na minne, mpaka kwenye mazishi yako nilikuwa nasema ni wao. Najuta, mama. Hakuna mwingine. Ni mimi, Yohana Mhina."

Nyuma ya mlango taipureta ikaandika herufi tano, tak tak tak tak tak, ikapiga kengele yake, ting!

"...NGO!" ikasema kwaya.

Kwa wasiokuwapo, naomba waelewe: hiyo silabi ilikuwa imesubiri miaka kumi na minne. Ilitoka kwa nguvu kiasi kwamba spika iliruka, ikaangukia mgongo, ikaanza kuzunguka kama pia. Shimoni maji yakapanda, yakamrusha Dipli juu na jembe lake, akakaa juu ya maji kama mtu aliye kwenye sofa. Kinamama wakafunga midomo kwa raha, wakaifungua tena, wakaanza upya tangu mwanzo: "Bwana kafungua mlango!" Sweta likavaliwa na watu wanane kwa pamoja. Visingizio vyangu vikatoka rafuni vyenyewe, viwili viwili, vikaenda zao nje ya mlango, na sikuviita.

Yule kijana Usumbufu alijaribu kusimama wima na fomu yake, lakini miguu ilimsaliti. Akacheza. Kitambulisho kikamtoka shingoni kikaingia kwenye maji, na bila kitambulisho akasahau jina lake refu, akawa kijana tu anayecheza vizuri.

Kisha kwaya ikashusha sauti, na sauti moja ikapanda peke yake. Nene, yenye mkwaruzo kidogo, haina haraka: "Hata aliyechelewa, hata aliyechelewa, aingie."

Nakijwa akashika mdomo wake. Mdomo ulikuwa umefungwa. Sauti ilikuwa inatoka kwenye spika.

"Ndiyo mimi huyo?"

"Ndiyo wewe."

"Mbona nene hivyo? Kama beseni linaburutwa!"

"Nzuri."

"Umesemaje?"

"Nimesema ni nzuri."

"Hilo nalo liandikwe!" akaita. Ting, ikajibu taipureta.

Akacheka, kile kicheko chake cha kushika mbavu na kutafuta mahali pa kuegemea. Nikampa bega, akaegemea. Tukacheza pale pale ofisini, mkubwa na mlalamikaji, mimi nimelalia kushoto na yeye akinifuata kushoto ili tusipishane.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Kisigino chako nilikiona siku ya pili yake, nilipofungua ubao wa nyuma."

"Sasa ulikwenda kwa Kiondo kufanya nini?"

"Nilisema, huyu mwanamume akisikia mtu asiye na kosa anajuta hivi, mwenye kosa lazima atatikisika. Ukatikisika? Ulinyoosha kidole hewani, 'Umeona? Si nilikwambia ni wao!' Nilicheka jikoni mpaka chai ikamwagika. Nilikasirika baadaye."

"Na yule karani wa watu?"

"Nilimwandikia tena, kwa Kiswahili changu, nikamwambia hana kosa. Akajibu kwamba nisijali, yale maneno alikuwa nayo tangu ujana wake na alikuwa hajapata barua ya kuyatia. Nikalikata jina lake kwenye barua, maana halikustahili kukaa pale. Pengo nikakuachia wewe. Nawe ukawalaumu panya!"

"Na bwana afya," nikakumbusha.

"Maskini bwana afya." Akatazama saa. Ilikuwa saa kumi kamili, na hakuna aliyeonekana kufunga dirisha. Mzee Alasi alikuwa amevua koti lake la sufu. Ndani alivaa shati la mikono mifupi, lenye maua. Alikuwa amelala kwenye benchi na mwavuli usoni, ile alama ya mkato imejikunja kifuani pake, wote wawili wanakoroma.

"Kisigino kipo humu humu ofisini kwangu, nyuma ya spika," Nakijwa akasema. "Nimekifunga vizuri. Njoo ukichukue, uache kutembea kama meza mbovu."

"Nitakuja na bisibisi."

"Bisibisi ulimwazima Kiondo ukasema imeibwa na mgambo. Kisu cha jikoni kinatosha."

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Nikabaki nimelala kidogo nikitazama dari, nikitafuta wa kumlaumu kwa kuniamsha, nikaona hayupo. Nikachukua kisu cha jikoni, nikapanda kwenye stuli, nikaishusha redio. Miaka yote hiyo sikuwahi kuigeuza. Tundu lipo mgongoni, na buibui amelifanyia pazia. Nikafungua skrubu nne.

Nyuma ya spika kulikuwa na kifurushi kidogo, kimefungwa kwa uzi mweupe, fundo lile la Nakijwa la kufungia mafungu ya binzari. Ndani mna kisigino cha mpira, cha kushoto, namba arobaini na mbili, misumari mitatu imepinda. Karatasi iliyokifunga ni pembe ya barua, ina jina la mtu limepigwa taipu na saini ya wino wa bluu. Nikaitoa barua kwenye Biblia, nikaweka pembe mahali pake. Ikakaa sawasawa.

Nikaiondoa tena. Yule mzee ameshajuta vya kutosha.

Nikachukua kalamu, na chini kabisa, mahali palipobaki padogo kando ya mchaniko, nikaandika herufi tano kubwa. Ya nne imelala kidogo, lakini inasomeka. Kisha nikatulia, kama kanuni inavyotaka, mpaka jogoo wa jirani alipowika. Ndipo nikainuka kwenda kutafuta nyundo.